King'ora Kilichonyamaza Kidete

Mikumi, jioni

Mwanangu Skola,

Begi lako liko mlangoni na nimeona umelifunga vizuri, basi sitakuandikia habari za nguo, chakula wala namna ya kujichunga stendi. Hayo unayajua, na usiyoyajua Dar es Salaam itakufundisha haraka. Nataka kukujibu lile swali uliloniuliza juzi tukimenya viazi: kwa nini mimi niliyesomea kompyuta nimeishia hapa kando ya barabara kuu natengeneza redio na printa za watu, na kwa nini mteja akisema "si unazima tu, unawasha" nakunja uso. Nilikujibu kwa mkato kwa sababu kisu kilikuwa mkononi na hasira ilikuwa karibu. Kesho unakwenda kuanza kazi hiyo hiyo niliyoiacha. Una haki ya kupata jibu zima.

Ni kinyaa, Skola. Watu hudhani niliacha kwa uchovu, au kwa ajili yako. Niliacha kwa sababu ilifika mahali nikiingia ofisini nasikia kutapika.

Utakumbuka kidogo tulivyoishi Kilosa. Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine. Babu yako, aliyetoka Songea kijana kabisa kuja kukata mkonge Kimamba, alirudi nyumbani mchana mmoja na barua ya kupunguzwa, akakaa kwenye kizingiti mpaka jua likazama. Mimi nilipomaliza chuo serikali haikuwa ikiajiri. Kilichokuwa kikiajiri ni miradi. Kila kitu kilikuwa mradi. Wetu ulikuwa wa kuwaonya watu wa bonde la Mkondoa mafuriko yanapokuja.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Mtoni, juu kidogo ya Kidete, viliwekwa vipimo vya kina cha maji, kila kimoja na redio yake ndogo. Vilituma taarifa mpaka kwenye kompyuta yetu Kilosa. Kina kikizidi kiasi, kompyuta inatuma amri kwa redio, na king'ora kilichofungwa kwenye mlingoti pale Kidete kinalia. Watu wakikisikia wanapanda mlimani na mifugo yao. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa nikikupitisha mtoni na kukuonyesha vyuma vile kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga.

Ofisi yetu ilikuwa ghala la zamani la pamba. Juu ya dari waliishi popo, na mavi yao yalidondoka usiku kucha kupitia nyufa. Asubuhi tulikuta meza zina matope meusi yanayonuka mkojo. Hilo lilikuwa la kuchukiza, lakini unafuta, unanawa, unaendelea. Kuna uchafu mwingine wa ofisini ambao haufutiki kwa kitambaa.

Mkuu wa mradi tumwite Bwana Ndelwa. Alikuwa mtu wa shati jeupe na sauti ya upole. Mtu wa zamu kwenye kompyuta alikuwa Mzee Athumani, aliyepunguzwa reli baada ya kufanya kazi ya ishara za treni karibu maisha yake yote. Mradi ulimchukua kwa sababu alijua kukaa macho. Kazi yake ilikuwa kutazama skrini na kutupasha habari.

Masika ya kwanza mashine ilianza kuganda. Hakuna kilichozimika, taa zinawaka, skrini ina picha yake, ila haisogei. Mzee Athumani alikuwa akija mlangoni kwangu taratibu.

"Mama Skola, imelala tena."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imelala tena."

Bwana Ndelwa, akiwa chumba cha pili, anajibu bila kuinua kichwa: "Zima, washa."

Tunazima, tunawasha, inaamka kama vile haikuwa na lolote. Hapo ndipo pabaya, mwanangu. Ingekuwa haiamki tungeitafuta sababu siku hiyo hiyo. Kwa kuwa iliamka, kila mmoja alirudi kwenye chai yake, na mimi nikiwa mmoja wao. Kila ukizima na kuwasha unafuta nyayo za kilichotokea, halafu unajipongeza kwamba umetengeneza.

Alasiri moja nilikuwa hapa Mikumi, kwenye tawi letu dogo, nikijaribu mashine ya akiba. Mvua ilikuwa inapiga milimani upande wa Kidete. Kilosa, Mzee Athumani alikuwa kwenye kiti chake, na skrini ilimwonyesha maji ya chini ya goti. Akatazama dirishani. Kisha akaenda kwa mkuu.

"Bwana, mashine inasema maji machache. Lakini lile wingu silipendi, na hizi namba hazijasogea tangu nilipotoka kuswali."

"Mzee, tumeleta mashine ili tuache kutabiri kwa mawingu. Amini mashine."

Mashine ilikuwa imeshaganda. Ile picha ya maji ya chini ya goti ilikuwa picha ya mwisho kabla haijafa, nayo iliendelea kung'aa pale kwenye kioo wakati mto unapanda. King'ora hakikulia. Maji yaliingia Kidete watu wakiwa kwenye shughuli zao. Wengi walikimbia. Mke wa mfugaji mmoja aitwaye Lemburis aliingia zizini kuwafungulia ndama, maji yakamchukua pamoja nao. Aliitwa Nasieku. Walimpata siku ya pili, mbali chini, kwenye matete.

Nilikwenda. Sitakusimulia yote. Matope yalikuwa na harufu tamu, ile tamu ya kitu kinachooza, na mbuzi walikuwa wamevimba matumbo wameelekeza miguu juu. Nzi walikuwa wakitua kwenye mbuzi kisha wanatua midomoni mwetu. Nilipofika nyumbani ulinikumbatia, nikakusukuma. Ulilia. Nilikuwa naona kwamba ile harufu imo mwilini mwangu nami sitaki ikuguse.

Siku chache baadaye Lemburis alikuja ofisini. Alisimama mlangoni na fimbo yake, shuka lake lina matope mpaka kiunoni. Tulimsalimu, tukampa pole, akaitikia. Alikataa kiti.

"Mlituambia kile chuma kitalia," alisema. "Mlikuja kwenye mkutano mkatuambia tusiogope, kitalia. Kwa nini hakikulia?"

Bwana Ndelwa alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema kwa upole wake ule: "Ndugu yangu, mitambo ni mizima kabisa. Mtumishi wetu alizembea. Tutamchukulia hatua."

Mzee Athumani alikuwa amesimama pale pale, hatua mbili kutoka kwao. Lemburis akamgeukia, akamtazama. Nafikiri angempiga ingekuwa afadhali. Wiki ile ile mzee aliachishwa kazi, na Kimamba nzima, alikokuwa akiishi, ikajua kwamba amelala akaua mtu. Watoto walikuwa wakimwigiza akisinzia anapopita na baiskeli yake.

Nilichoona kichafu kuliko popo na kuliko matope ya Kidete ni urahisi wa ile sentensi. Ndelwa hakujua kilichotokea. Hakuna aliyejua. Alikuwa na shimo la kutojua mbele yake, akamchukua mtu akalizibia.

Nikaanza kutafuta, na nikaanza vibaya. Nilidhani ni joto, nikaleta feni. Nikadhani ni mavi ya popo yameingia ndani, nikaifungua mashine nikaisugua kila kona kwa brashi huku nimejifunga kitambaa puani. Nikabadilisha sehemu za kuhifadhi kumbukumbu. Kila nilipobadilisha kitu, mashine ikakaa siku kadhaa bila kuganda, nikafurahi, halafu ikaganda. Nilikuwa nafanya yale yale ya Ndelwa kwa mikono michafu zaidi: nashika kitu kilicho karibu nakiita sababu.

Siku moja ikaganda mbele yangu, nami nikajizuia nisiizime. Nikaketi nayo. Ukiwa na mashine iliyoganda, Skola, keti nayo. Nikabonyeza kile kitufe cha kibodi chenye taa yake. Taa haikuwaka. Ni jambo dogo, lakini lilinieleza mengi. Kama ingekuwa ni ile programu ya kuonyesha namba tu iliyokufa, taa ingeitika, kwa sababu anayeiwasha ni kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kazi kwa nyingine zote. Taa ikigoma, ujue kiini chenyewe kimesimama. Feni na brashi zangu havikuwa na kazi. Kulikuwa na kitu ndani ya kiini, na kitu pekee kigeni tulichokuwa tumekitia humo ni programu ya kuendesha kadi ya redio, iliyoandikwa na Jerome, niliyesoma naye chuo, aliyekuwa na kampuni yake Dar.

Nikampigia simu.

"Imepimwa," alisema. "Mliisaini wenyewe."

"Mlipima lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Mwezi wa tisa Mkondoa unavukwa na kuku, Jerome."

"Sasa ulitaka nikuletee mafuriko?"

Alisema kwa kejeli, lakini alinipa njia. Nilikuja huku Mikumi, kwenye mashine ya akiba. Niliandika programu ya kujifanya vipimo vya mtoni, nikachukua redio ya pili nikaanza kurusha taarifa za uongo. Kwanza polepole kama kiangazi. Mashine ikafanya kazi vizuri asubuhi nzima. Kisha nikazirusha mfululizo, kama mto unapopanda na kila kipimo kinapiga kelele kwa pamoja. Kabla chai yangu haijapoa ikaganda. Nje jua lilikuwa kali, malori yanapita kwenda Iringa, nami nilikuwa na mafuriko yangu mezani. Niliona aibu kwa jinsi nilivyofurahi.

Ilibaki kujua inakufa wapi. Nikapanda ndani ya programu ya Jerome amri za kuandika herufi, moja kila hatua, ili herufi ya mwisho kwenye skrini inionyeshe pa kutazama. Ikaacha kuganda kabisa. Nilikaribia kulia. Baadaye nikaelewa: kule kuandika herufi kulikuwa kunaichelewesha kidogo, na hicho kidogo kikatosha kuzitenganisha hatua zilizokuwa zinagongana. Kutazama kwangu kulikuwa kumeibadilisha. Nikatafuta njia nyepesi, nikavuta waya mpaka kwenye kompyuta nyingine ipokee alama tu, upesi upesi. Ndipo ikakubali kufa nikiiangalia.

Nisikilize vizuri hapa, maana ndilo lililomwua Nasieku. Programu ya Jerome ilipotaka kusoma taarifa zilizofika, ilifunga kufuli, ili zisibadilishwe wakati inazisoma. Hilo ni sawa. Lakini taarifa mpya ikifika, kadi ya redio hukikatiza kiini: acha unachofanya, nipokee. Anayepokea naye alihitaji kufuli lile lile. Alilikuta limefungwa, akasubiri lifunguliwe. Na aliyelifunga alikuwa ndiye aliyekatizwa. Hawezi kurudi kulifungua mpaka mpokeaji amalize. Mpokeaji hawezi kumaliza mpaka lifunguliwe. Wakabaki hivyo, na mashine nzima ikabaki nao.

Kiangazi, taarifa zikija moja moja, hawakukutana kamwe. Masika walikutana mara moja moja. Siku ya mafuriko yenyewe, vipimo vyote vikituma kwa mpigo, ilikuwa lazima wakutane. Yaani tulikuwa tumewajengea watu wa Kidete chombo kilichofanya kazi kila siku isipokuwa siku waliyokihitaji, tukaenda mkutanoni kuwaambia wasiogope. Nilitoka nje nikatapika kwenye mtaro. Mama muuza maandazi akaniuliza kama nina mimba.

Jerome alikuja kwa basi la Mbeya. Nilimwonyesha bila maneno mengi. Alirudia mafuriko yangu mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akatazama ile mistari ya programu yake kwa muda mrefu.

"Ni yangu," alisema. "Hii niliiandika nina haraka ya kukabidhi."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na nilimchukia kidogo, lakini yeye ndiye mtu pekee katika mradi ule aliyesema neno hilo. Marekebisho yalikuwa mistari michache: ukifunga kufuli, zuia kukatizwa mpaka ulifungue, na lifungue upesi. Halafu tukaongeza jambo jingine lililonisumbua. Tulikibadilisha king'ora cha Kidete kiwe kinategemea kusikia sauti ya Kilosa kila wakati. Kikikosa kuisikia, kilie chenyewe. Kuanzia hapo ukimya wetu ungekuwa onyo.

Bwana Ndelwa hakulipenda hilo la pili. "Kikilia bure wafadhili watasemaje?" Tulikifunga hivyo hivyo, akalalamika, akasahau. Nilimwomba jambo moja tu: amrudishe Mzee Athumani, au angalau aende Kimamba akaseme hadharani kwamba mzee hakulala.

"Mhandisi," aliniambia, akiniwekea mkono begani, "jambo limekwisha. Ripoti imekwenda, imeeleza uzembe wa mtumishi umeshughulikiwa, wameridhika. Ukifungua tena, tunaonekanaje?"

Ule mkono nilikuwa nikiusikia begani hata nilipooga. Niliacha kazi siku hiyo. Watu waliniona mjinga, na labda nilikuwa; tulikula ugali kwa mchicha muda mrefu kwa sababu ya siku hiyo, na wewe hukuuliza.

Kabla ya kuhamia huku nilikwenda Kimamba kwa Mzee Athumani. Nilimweleza kila kitu: kufuli, kukatizwa, ile picha iliyobaki kwenye kioo. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mkewe alikuwa ameacha kupepeta mchele.

"Kwa hiyo zile namba zilikuwa zimekufa," alisema mwishowe.

"Zilikuwa zimekufa, mzee. Na wewe uliona, ukasema."

"Twende ukamwambie yule Mmasai."

"Mimi nitakwenda. Si lazima wewe uje."

"Alinitazama mimi," alisema. "Twende."

Tulipanda treni mpaka Kidete. Lemburis tulimkuta amesimama na ng'ombe wachache waliobaki. Nilimwambia kwa maneno mepesi kuliko haya niliyokuandikia: mashine ndiyo iliyokufa, tulioileta ni sisi, huyu mzee alikuwa macho na alitoa taarifa, hakusikilizwa. Mzee Athumani alikuwa amevua kofia. Lemburis akamsogelea, akampa mkono, akaushika muda mrefu kuliko kawaida ya salamu.

Kisha akanigeukia mimi. "Sasa kinalia?"

"Kinalia. Hata sisi tukifa kitalia."

"Vizuri," alisema. "Kitawalilia hawa wa chini. Mimi nimehamia kule juu." Akanionyesha kwa fimbo boma jipya kwenye mteremko, mbali na maji, mbali na malisho mazuri. "Sikingoji tena."

Masika yaliyofuata kililia. Watu walipanda, mto ukachukua mahindi na nyumba mbili za udongo, haukuchukua mtu. Bwana Ndelwa alipigwa picha chini ya mlingoti. Mzee Athumani hakurudishwa kazini. Alifariki mwaka jana, na mazikoni nilisikia mtu nyuma yangu akimwambia mwenzake kwamba huyu ndiye yule aliyelala. Nikageuka nikamweleza, palepale kaburini, mpaka shehe akaniomba nishushe sauti.

Sijui kama nilifanya vema kuondoka. Wakati mwingine nafikiri ningebaki, ningepigana humo humo ndani ya ile harufu, na pengine mzee angekufa na jina lake. Hilo sijalimaliza, na sikuachii wewe ulimalize. Nakwambia tu kwamba wewe una uvumilivu kuliko mimi. Nimekuona ukifungua zile redio mbovu, hushiki kitu kabla hujakitazama.

Huko uendako watakukalisha mbele ya mashine zilizoganda, na mtu mwenye haraka atasimama nyuma yako. Utakaposikia kinyaa, usidhani unaumwa, na usikizoee.

Ukifika, usiniandikie kwamba ofisi ni nzuri na watu ni wakarimu. Niandikie kitu cha kwanza ulichokikuta kimekwama, na ni nani walikuwa wamekwisha kumlaumu.

Mama yako